Kadi ya Neno Kukingama

Iko nchi moja ambayo jina lake silitaji, kwa kuwa ninyi mtaitambua tu, na mimi nimebakiza miaka minne nistaafu. Ni nchi nzuri. Ina masika na vuli, ina bendera, ina wimbo wenye beti sita ambao watu huusimamia mpaka mwisho hata kama mvua inanyesha, na ina Idara ya Maana na Matumizi. Idara hiyo nimeitumikia miaka ishirini na sita nikiwa karani wa daraja la tatu. Naitwa Shaweji.

Kazi yetu ni rahisi kuieleza na inachosha kuifanya. Serikali yetu ni makini mno. Haigusi kitu mpaka ijue kiko katika hali gani, na haikiri hali yoyote mpaka neno la hali hiyo liwe na kadi hai kwenye kabati letu. Kila kadi ina mistari minne: Maana, Matumizi, Mfano na Idhini. Nyumba ikiungua, zimamoto hawawashi gari kabla hatujawathibitishia kwa simu kwamba kadi ya "kuungua" haijaisha muda wake. Kwa kawaida huwa haijaisha. Inayokuwa imekwisha ni nyumba, lakini hiyo si ya idara yetu.

Miaka mitatu iliyopita Kiongozi wetu Mkuu alitoa hotuba, na katikati ya hotuba akasema, "Katika nchi hii, ndugu zangu, kila kitu kimenyooka." Watu wakapiga makofi. Mimi nadhani alikuwa anaisifu tu barabara aliyojia kutoka uwanja wa ndege, maana ni kweli ile imenyooka. Lakini asubuhi yake tukapokea waraka wenye mihuri mitatu: kadi za maneno yote yasiyoafikiana na kauli hiyo zisimamishwe mara moja, na mifano yake ifutwe kwa wino mwekundu.

Nilizitoa moja moja, nikazifunga kwa mpira, nikaziweka droo ya chini. Kuinama. Kupinda. Kwenda upande. Kukingama. "Kuinama" ilirudishwa siku ile ile, kwa sababu bila kuinama hakuna mtumishi ambaye angeweza kumsalimu Waziri. "Kupinda" ilirudi baada ya wiki mbili, mafundi bomba walipogoma. "Kukingama" haikudaiwa na mtu. Mstari wake wa Mfano ulikuwa umesema "Gogo limekingama njiani", nikaufuta kama nilivyoagizwa, nikasahau.

Basi Jumapili moja boriti ikaanguka.

Kuna kitongoji kinaitwa Kwa Makoba, kilichoko mwisho wa barabara moja, na barabara hiyo ndiyo pekee inayokwenda mjini na hospitali ya wilaya. Kulia kwake kuna majaruba ya mpunga, kushoto kuna majaruba ya mpunga, na msimu ule maji yalikuwa ya kiunoni. Trela lililopotea njia likageuzia kitongojini lilikuwa limebeba boriti ya zege, urefu wake mita kumi na nne, likiipeleka kwenye jengo jipya la Wizara ya Unyoofu mjini. Pale penye kona, minyororo ikakatika. Boriti ikateleza ikakaa barabarani, kichwa kwenye mtaro huu na miguu kwenye mtaro ule. Dereva akashuka, akaitazama, akasema "Inna lillahi", akapanda, akaendelea na safari yake akiwa mwepesi.

Jumatatu asubuhi akaja ofisini mzee mmoja mwenye kofia ya kushonwa kwa mkono na penseli nyuma ya sikio.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Naitwa Ngwali. Seremala wa Kwa Makoba, ingawa sasa naitwa mstaafu. Nimeleta barua. Pale Ujenzi wamesema hawawezi kuipokea mpaka ipite kwenu."

Barua ilikuwa fupi, na kwa barua fupi nashukuru siku zote. Ilisema: "Boriti imekingama barabarani. Tafadhali iondoeni." Nikaisoma.

"Mzee, hili neno la pili limesimamishwa."

"Limesimamishwa na nani?"

"Na waraka."

"Basi nipe jingine, mie sichagui."

Nikapekua kabati. Nikamwambia aandike kwamba boriti ipo barabarani.

"Ipo!" akasema. "Kila kitu kipo, Bwana Shaweji. Hata mimi nipo. Ingekuwa imelala kando kando ya barabara, nisingekuja kukusumbua, ningeikalia nipunge upepo. Shida yangu si kuwapo kwake. Shida yangu ni ilivyokaa." Akaivuta rula yangu, akailaza mezani. Akatoa penseli sikioni. "Rula hii ndiyo barabara, na hii penseli ndiyo boriti. Ikikaa hivi, sambamba na rula, hainikeri. Sasa ikikaa hivi," akaigeuza ikawa juu ya rula, "mimi napita wapi?"

Nikatazama. Alikuwa amesema kweli.

"Na wala si neno la matusi," akaendelea, kama mtu anayemtetea ndugu yake. "Nimeishi kwalo miaka arubaini. Mlango wa mbao za wima tupu utatawanyika siku ya kwanza ukiufungua. Lazima ukingamishe mbao nyuma yake, moja juu, moja chini. Paa nalo vivyo hivyo. Makombamoyo, ile miti mirefu ya paa, yanashuka kutoka juu, pau, zile fito, zinakingama juu ya makombamoyo, ndipo makuti yakapata pa kushika. Ukiondoa kukingama hapa duniani hakuna nyumba itakayosimama. Kubaya ni kukingama mahali pasipotakiwa, basi."

Kisha akaniambia lililomleta. Mkewe, Bi. Siwazuri, alikuwa mgonjwa wa figo. Alikuwa akisafishwa damu kwa mashine hospitalini kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Asubuhi ile bajaji ilimfikisha kwenye boriti ikagota hapo. Wanaume wanne wakamvusha juu ya kiti, wakamtafutia bajaji nyingine upande wa pili. Alifika, lakini alifika akitetemeka.

"Daktari amesema akikosa mara moja tutahangaika naye," alisema Mzee Ngwali. "Akikosa mara mbili mfululizo, tusije kumlaumu."

Sasa niseme jambo moja ambalo sikulisema kwa yeyote wakati ule. Muhuri wa kurudisha kadi ulikuwa kwenye meza yangu, shubiri moja kutoka mkono wangu. Maana ilikuwepo, Matumizi yalikuwepo. Kilichokosekana ni Mfano mmoja mpya, na kanuni yetu inasema Mfano uwe wa kweli, usiobishika, wala usimkere mtu yeyote katika nchi nzima. Ningeweza kuandika chochote nikagonga. Sikugonga. Niliipeleka barua juu, kisha nikaenda kula wali na maharage, na nilikula vizuri.

Mkurugenzi wetu ni Dakta Mwinyikondo, mtu mnene mwenye sauti ya taratibu. Aliisoma barua mara tatu, akavua miwani.

"Shaweji, neno hili ni zito. Si neno la kurukia. Sisi kama taifa tukikiri kwamba kitu kimekingama, ulimwengu utatuuliza: kimeikingamia nini? Na hicho kilichokingamiwa kilikuwa kinakwenda wapi? Tutajibu nini?"

"Kilikuwa kinakwenda hospitali, Mkurugenzi."

"Unaona?" akasema kwa huzuni. "Tayari maswali yameanza." Akaunda Kamati ya Kitaifa ya Kuchunguza Mkao, wajumbe saba, mwenyekiti yeye, katibu mimi.

Jumatano tulikwenda kuiona boriti. Jua lilikuwa kali na pale hapakuwa na mahali pengine pa kukaa, kwa hiyo Kamati ilikaa juu ya boriti, mmoja baada ya mwingine kama ndege kwenye waya, Mwenyekiti katikati. Nikafungua daftari. Mjumbe mtaalamu wa pembe alipima kwa chombo chake akatangaza kwamba boriti na barabara zimekutana kwa nyuzi themanini na saba, na kwamba kwa maoni yake kukingama kamili ni nyuzi tisini. Zile tatu zilizopungua zilitupa matumaini makubwa. Mjumbe mwingine, mwanasheria, akainuka akauliza: tunajuaje kwamba boriti ndiyo iliyoikingamia barabara? Kwa nini isiwe barabara ndiyo iliyoikingamia boriti? Boriti, alisema, imekaa kimya, haina makosa, na ni mali ya serikali. Barabara ndiyo inayokuja kutoka mbali kuikata katikati.

"Apewe makofi," alisema Dakta Mwinyikondo, na akapewa.

Wakati makofi yanaendelea, upande wa kitongojini ikasimama bajaji. Wale wanaume wanne wakamshusha Bi. Siwazuri wakamkalisha kwenye kiti cha jikoni, wakamwinua. Alikuwa mwembamba, amejifunga kanga mbili, macho yake makubwa na hayana haya. Mzee Ngwali alitangulia mbele akionesha pa kukanyaga.

"Shikamoo, mama," Kamati ilisema kwa pamoja.

"Marahaba. Mmeketi juu ya nini, wanangu?"

Dakta Mwinyikondo akafikiri. "Tumeketi juu ya suala, mama."

"Basi suala lenu gumu, litawaumiza makalio. Inukeni nipite."

Tukasogea, nusu huku na nusu kule, tukanyanyua mafaili yetu yasilowe kwa maji ya mitaro, na kiti kikapita katikati yetu. Niliona mikono yake ilivyovimba. Mkurugenzi akamwambia kwa upole, "Vumilia, mama. Wahenga walisema kawia ufike."

"Walisema pia ngoja ngoja huumiza matumbo," alijibu akiwa juu ya kiti, "na mimi hata si tumbo, ni figo."

Wale wanaume walicheka. Mimi nilicheka pia, kisha nikaandika kwenye kumbukumbu kwamba mwananchi mmoja alipita na kuipongeza Kamati. Ndivyo kumbukumbu zetu zinavyoandikwa, na nilikuwa nimechoka.

Taarifa ya Kamati ilitoka Ijumaa, siku ambayo Bi. Siwazuri alivushwa tena kwa kiti. Ilikuwa na kurasa sitini, na uamuzi ulikuwa kwenye ukurasa wa mwisho. Kwa kuwa katika nchi hii hakuna kitu kinachoweza kuwa kimekingama, na kwa kuwa boriti haiwezi kusogezwa bila kukiri ilivyokaa, kitakachosogezwa ni barabara. Kuanzia tarehe ile, kile kipande cha barabara kilichokuwa kinatoka Kwa Makoba kwenda mjini kitahesabika kuwa kinatoka jaruba la kulia kwenda jaruba la kushoto, sambamba kabisa na boriti. Urefu wake mita kumi na nne. Wizara ya Ujenzi ikapaka mistari na kusimika kibao chenye mshale unaoelekea majini.

Jumatatu ikafunguliwa rasmi na Waziri. Toka asubuhi mpaka alasiri hakuna aliyeruhusiwa kusogelea pale isipokuwa wenye kadi za mwaliko, na kadi za mwaliko zilikuwa zimepelekwa mjini. Nilikuwepo, nimeshika mkasi kwenye sinia. Mgogoro ukazuka juu ya utepe. Mnajua wenyewe, utepe wa kufungulia barabara hufungwa kutoka ukingo hadi ukingo, na hilo lingekuwa kosa mbele ya Waziri mwenyewe. Afisa itifaki, jasho likimtoka, akaamua utandazwe kwa urefu wa barabara mpya, kutoka mtaro hadi mtaro, juu ya boriti. Kwa hiyo Waziri akaukata kwa urefu. Alipanda juu ya boriti akaanza upande mmoja, akawa anakata katikati ya utepe hatua kwa hatua, huku mtu akimfuata na mwavuli na bendi ya polisi ikirudia wimbo ule ule. Ilimchukua dakika hamsini na mapumziko mawili. Mwishoni tulikuwa na tepe mbili nyembamba na Waziri mwenye lengelenge kidoleni.

"Ndugu wananchi," alisema, "wapo waliobeza. Walisema serikali haiwezi kukamilisha barabara kwa wakati. Hii tumeikamilisha kabla hata hamjaiomba! Ni barabara isiyo na kona. Haina mashimo. Na takwimu zinaonesha kwamba tangu izaliwe haijapata ajali hata moja." Tulipiga makofi. Ng'ambo ya boriti, mbali kidogo, niliona bajaji imesimama, na kofia ya mkono kando yake. Baadaye bajaji ikageuka ikarudi ilikotoka.

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kukosa.

Jumatano walikuja mapema. Lakini barabara mpya ina polisi mpya, naye alikuwa Koplo Nyenza, mtu wa watu, mwenye mabango mawili ya maagizo aliyopewa asubuhi ile na bado hajayaelewa. Akanyoosha mkono kuwasimamisha. Akawaeleza kwamba barabara sasa inakwenda hivi, jarubani hadi jarubani, na wao wanakuja hivi. Kwa hiyo wanaoikata barabara kwa upana ni wao. Boriti imenyooka, imetulia, iko sambamba. Aliyekingama ni mgonjwa.

"Sasa nifanyeje, mkuu?" aliuliza Mzee Ngwali.

"Kuna kibali, mzee wangu. Kinatolewa Idara ya Maana. Ningekuacha upite, wallahi, ila kule juu ya mlingoti wameweka kamera, inaniangalia mimi."

Mzee akamwacha mkewe kwenye bajaji, akaruka boriti peke yake, akaja ofisini kwangu akihema. Koplo alimwacha yeye apite kwa sababu mtu mmoja anayekimbia, kwa mujibu wa bango, ni mazoezi.

"Nipe kibali."

Nikamweleza. Sijui nilipata wapi ulimi. Fomu ya kibali inaitwa Ombi la Kuikingamia Barabara. Haiwezi kuchapwa kwa kuwa neno lake limesimamishwa. Neno haliwezi kurudishwa mpaka kadi ipate Mfano. Kamati ingekutana kutafuta Mfano mwezi ujao.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alikaa kwenye benchi, akaweka mikono magotini.

"Huo mfano," alisema, "si sentensi moja tu? Siwezi kuwapa mimi? Mimi nina mifano mpaka ya kugawa."

Nikampa karatasi. Akaandika: "Pau zimekingama juu ya makombamoyo." Nikapanda nayo ghorofa ya pili nikikimbia, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu niajiriwe. Dakta Mwinyikondo akaisoma, akatikisa kichwa. Pau na makombamoyo ni habari ya paa la makuti, na Kiongozi alishatangaza kwamba wananchi wote wanalala chini ya bati. Nikashuka. Mzee akaandika nyingine: "Mbao mbili zimekingama nyuma ya mlango." Nikapanda. Mkurugenzi akasema hiyo inaashiria kwamba watu wanakomea milango, kwamba kuna wezi, na takwimu za wezi ni za wizara nyingine. Nikashuka. Akaandika ya tatu, ya mwiba wa samaki kooni. Nikapanda. Mkurugenzi akaipenda sana, akacheka, kisha akakumbuka kwamba ndugu yake Waziri alikufa kwa mwiba.

"Si kwamba nakataa, Shaweji. Nataka mfano ambao hata adui yangu akiusoma atanyamaza."

Niliporudi chini mara ya mwisho benchi lilikuwa tupu. Alikuwa amekwenda kumrudisha mkewe nyumbani, jua lilikuwa limekwisha kuwa kali. Karatasi aliiacha, na penseli aliisahau juu yake.

Hiyo ilikuwa mara ya pili.

Ijumaa hawakuja kabisa. Koplo Nyenza aliniambia baadaye kwamba aliwangoja. Alikuwa amekata shauri kuigeuzia kamera mgongo wake mpana na kuwaacha wapite, na alisimama hivyo tangu alfajiri mpaka saa nne, lakini bajaji haikutokea. Bi. Siwazuri alikuwa hawezi tena kuketi kwenye bajaji.

Alikufa Jumamosi, kabla ya adhana ya alfajiri.

Nilikwenda mazikoni. Niliruka boriti bila kibali, na nyuma yangu aliruka Koplo Nyenza akiwa na sare zake, kofia mkononi. Makaburi ya Kwa Makoba yako huku huku kitongojini, nyuma ya karakana ya Mzee Ngwali, kwa hiyo jeneza halikuhitaji kuomba ruhusa ya mtu. Watu walikuwa wengi. Hakuna aliyenitazama vibaya, na hilo lilinisumbua zaidi kuliko kama wangenitazama.

Mbao za kaburi alikuwa amezikata mwenyewe usiku kucha, kwa taa. Alishuka yeye kaburini. Mkewe alipokwisha kulazwa ubavuni, uso kibla, mzee akanyoosha mkono juu na sisi tukawa tunampa ubao mmoja mmoja. Mimi nilimpa wa nne. Alikuwa anaulaza kila mmoja kwa upana juu ya mwanandani, kile kishimo cha ndani alimolala, kutoka ukingo huu hadi ukingo ule, anausogeza kidogo, anaugonga kwa kifundo cha kidole kuhakikisha umekaa. Hata nyufa hazikuonekana. Mtu akasema kwa sauti ya chini kwamba mbao zimekaa vizuri. Mzee akaitikia, "Zimekaa."

Jumatatu alikuja ofisini. Karani mwenzangu wa daraja la nne alinikanyaga mguu akaninong'oneza, "Yule mzee wa kibali amerudi, mwambie bado."

"Shikamoo, mzee. Pole sana."

"Nimeshapoa, Bwana Shaweji. Nimekuja kuchukua penseli yangu." Nikampa. Hakuirudisha sikioni. "Ile karatasi mnayo bado?"

Nilikuwa nayo. Akainama mezani, akaandika polepole, kwa herufi kubwa za mtu aliyezoea kuandika kwenye mbao. Nikaisoma. Nikapanda nayo juu, safari hii kwa kutembea, na mzee akanifuata.

Dakta Mwinyikondo akavaa miwani.

"'Mbao saba zimekingama juu ya mke wangu,'" akasoma. Akatazama dari. Nilimwona anaipekua ile sentensi kama askari anayepekua mfuko, akitafuta kosa. "Mbao hizo ni za hapa nchini?"

"Za hapa," alisema Mzee Ngwali.

"Zimenyooka?"

"Nimezipiga randa mwenyewe."

"Zinazuia shughuli yoyote ya serikali?"

"Hapana."

"Na yupo mtu anayeweza kuja hapa kesho akabisha kwamba hazikukingama?"

"Huko ziliko hakuna anayebisha."

Mkurugenzi akaisoma tena, na uso wake ukafunguka kwa furaha ya kweli, furaha ya mtu aliyetafuta kitu siku nyingi. "Safi sana! Mnaona ilivyo? Ni ya kweli, haibishiki, haimkeri mtu. Hata Kamati isingeipata." Akaweka sahihi kwenye mstari wa Idhini. "Shaweji, gonga. Na mpe mzee soda."

Niligonga muhuri. Uligongeka kwa urahisi kabisa, kama ambavyo ungegongeka wiki mbili nyuma. Soda mzee hakuinywa.

Neno lilipokwisha kuwa hai, kila kitu kilikwenda haraka, lazima niseme hivyo, maana serikali yetu ikishajua inaweza. Barua ya kwanza ya Mzee Ngwali ilitolewa kwenye faili ikapigwa chapa tatu. Kesho yake kreni ikaja. Nilikwenda kusimamia kwa niaba ya idara, na nilikuwa na saa mkononi. Wakaifunga boriti minyororo miwili, wakainyanyua, wakaizungusha hewani, wakailaza kando kando ya barabara, sambamba, mahali ambapo mtu angeweza kuikalia akapunga upepo. Ilichukua dakika kumi na moja. Koplo Nyenza aling'oa kile kibao cha mshale akakitupa jarubani bila kuulizwa.

Nikaenda mpaka kwenye karakana kumpa mzee habari. Nilimkuta ameketi juu ya kile kiti cha jikoni, mbele yake mabaki ya mbao, mikono magotini.

"Mzee, barabara imefunguka. Imefunguka kabisa, magari yanapita. Twende ukaone."

Alinitazama kwa huruma, kama vile mimi ndiye niliyefiwa.

"Nendeni tu, mwanangu," alisema. "Mimi sina tena safari ya upande ule."